Honda CB750 iliyolala miaka mingi: kwa nini kabureta huguswa mwisho

Pikipiki imekaa bandani miaka 20. Inasukumwa hadi karakana ya nyumbani, inafungwa betri mpya, inamiminiwa petroli, na baada ya kuhangaishwa sana inawaka kwa silinda mbili, inakohoa, inazima. Siku hiyohiyo kabureta zote nne zinateremshwa mezani. Zinasafishwa, zinarudishwa, na tatizo liko palepale. Zinateremshwa tena. Safari ya tatu mwenye pikipiki anachoka, turubai linarudi juu ya tangi, na kazi inaishia hapo.

Kosa halikuwa katika usafishaji. Valvu isiyofunga sawasawa, cheche dhaifu na jeti (kitundu cha kupimia petroli ndani ya kabureta) iliyoziba ni magonjwa matatu yenye dalili zinazofanana: injini inamisi, haitulii bila resi, inatema moshi au inapasuka kwenye ekzosi. Kabureta hupokea lawama kwa sababu ndizo zinazoonekana na ni rahisi kuzifikia. Lakini kabureta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa unaotengenezwa na pistoni na valvu, na mchanganyiko wake hauwezi kupimwa kwa haki kama cheche haiji kwa nguvu na kwa wakati wake. Ukirekebisha kabureta kwenye injini yenye kasoro nyingine, utakuwa unaificha ile kasoro kwa petroli. Kwa hiyo mpangilio ni huu, na haubadiliki: mgandamizo na valvu, kisha umeme wa cheche, kisha petroli.

Mfano wetu ni Honda CB750 Four yenye kamshafti moja, iliyouzwa kuanzia 1969 hadi 1978. Ilioneshwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Tokyo mwishoni mwa 1968: silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, sentimita za ujazo 736, nguvu farasi 67 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, gia tano na breki ya diski mbele. Yanayosemwa hapa yanaigusa pia CB500 na CB550 kwa sehemu kubwa, ila vipimo vyake ni tofauti na lazima visomwe kwenye kitabu cha modeli husika. CB750 inafaa zaidi kwa somo hili kwa sababu moja ya kikatili: silinda hedi haitoki injini ikiwa ndani ya fremu. Ukitaka kubadilisha gasketi ya hedi, injini nzima yenye karibu kilo 80 inashuka chini. Anayekosea kutambua ugonjwa hapa analipa kwa mgongo wake.

Kabla ya kuiwasha

Soma namba kwanza. Namba ya fremu iko kwenye shingo ya usukani na huanza na CB750. Ya injini imegongwa kwenye tumbo la injini na huanza na CB750E. Hazikutoka kiwandani zikiwa sawa tarakimu kwa tarakimu, kwa hiyo usishtuke zikipishana kidogo. Zikipishana kwa makumi ya maelfu, basi injini imetoka kwenye pikipiki nyingine. Fremu ambayo namba yake haizidi 1007414 ni ya toleo la kwanza kabisa, lile ambalo wakusanyaji hulilipia pesa nyingi. Ukikutana nayo usipige msasa wala rangi mpaka umejua thamani ya ulichonacho.

Pili, skrubu. Zile zenye msalaba kichwani kwenye vifuniko vya injini na kabureta si za umbo la kawaida la Kimarekani. Ni za kiwango cha Kijapani, na nyingi zina kinukta kidogo pembeni mwa msalaba. Bisibisi ya kawaida haishuki hadi chini ya msalaba huo. Ikikazwa hupanda juu na kukwangua kichwa. Nunua bisibisi za kiwango cha Kijapani, namba 2 na namba 3, pamoja na ile inayogongwa kwa nyundo na kujizungusha yenyewe. Gharama yake ni ndogo kuliko kutoboa skrubu moja tu iliyoharibika ndani ya aluminiamu.

Tatu, oili, na hapa wengi huumiza injini. CB750 haihifadhi oili tumboni kama pikipiki nyingi. Oili hukaa kwenye tangi lake upande wa kulia, nyuma ya kifuniko cha pembeni, na pampu huisukuma ndani ya injini na kuirudisha. Pikipiki ikilala kwa miaka, oili huchuruzika polepole kupitia pampu hadi tumboni. Anayefungua tangi anakuta halina kitu, anajaza, na sasa injini ina karibu mara mbili ya kiasi chake. Ikiwaka itamwaga oili kila penye sili dhaifu. Fungua bolti zote mbili za kumwagia, ya tangi na ya tumbo la injini, badilisha filta, kisha weka oili mpya. Ujazo mzima ni kama lita 3.5. Usitumie oili ya gari iliyoandikwa kuwa ya kubana matumizi ya mafuta: klachi inaogelea humohumo na itaanza kuteleza.

Kama injini haizunguki kabisa, usiipige kiki. Toa plagi zote nne, mimina katika kila silinda vijiko vichache vya mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, uache siku kadhaa ukiongeza kidogokidogo. Kisha weka gia ya tano na utikise gurudumu la nyuma mbele na nyuma taratibu. Ringi iliyoshikwa na kutu huachia kwa uvumilivu, kiki huivunja.

Mgandamizo na valvu

Fundi wa bodaboda aliyezoea kupima tapeti kwenye injini za aina ya Honda CG125 anaijua kazi hii tayari. Tofauti ni kwamba hapa valvu ni nane na zina zamu zake.

Injini iwe ya baridi kabisa. Upande wa kulia, chini ya kifuniko cha duara, ndipo penye pointi za kuchoma. Katikati utaona nati kubwa ya milimita 23. Hiyo ndiyo ya kuzungushia krenkishafti, kwa mwelekeo wa saa. Bolti ndogo iliyo ndani yake usiiguse kwa kazi hii, maana huvunjika na kubaki ndani ya krenki. Silinda zinahesabiwa kutoka kushoto kwa mpanda pikipiki: 1, 2, 3, 4. Leta alama ya T ya 1-4, inayoonyesha kuwa pistoni za silinda hizo ziko juu kabisa, kwenye mstari wake. Kama roka za silinda 1, vile vimikono vinavyosukuma valvu, zinacheza zote mbili kwa kidole, silinda hiyo iko juu kwenye mgandamizo, na unaweza kupima valvu nne: zote mbili za silinda 1, ya kutolea moshi ya silinda 2, na ya kuingizia ya silinda 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, alama ileile irudi, na upime zilizobaki: zote mbili za silinda 4, ya kuingizia ya silinda 2, ya kutolea moshi ya silinda 3. Nafasi kati ya roka na valvu ni milimita 0.05 kwa za kuingizia na 0.08 kwa za kutolea moshi. Fila geji ipite kwa kukwama kidogo, kama karatasi iliyobanwa kwenye kitabu.

Usipuuze nafasi iliyopotea. Valvu iliyobana haikai vizuri kwenye kiti chake. Moto unapenya, mgandamizo unashuka, na silinda hiyo haivuti hewa kama wenzake. Hapo ndipo mtu huanza kuongeza petroli kwenye kabureta isiyo na kosa.

Cheni ya taimingi nayo ina nafasi yake maalumu. Krenki ikisogezwa digrii 15 kupita alama ya T ya silinda 1, upande wa cheni wenye kikazio unakuwa umelegea. Legeza nati na bolti ya kikazio nyuma ya silinda, springi iliyo ndani ijikaze yenyewe, kisha funga. Hakuna haja ya kusukuma kitu. Anayelegeza kikazio krenki ikiwa popote pale hupata cheni inayogonga au iliyokazwa kupita kiasi.

Ndipo upime mgandamizo. Injini ikiwa na joto, plagi zote nje, resi imefunguliwa mwisho, betri imejaa: injini yenye afya hutoa takribani kilo 10 hadi 12 kwa sentimita ya mraba. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Ikizidi asilimia 15, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye silinda dhaifu na upime tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zinazovujisha. Isipopanda, ni valvu. Lakini injini iliyolala huwa na kutu na kaboni kwenye viti vya valvu, na mara nyingi mgandamizo hupanda wenyewe baada ya saa kadhaa za kutembea. Usishushe injini kwa kipimo cha siku ya kwanza, isipokuwa silinda moja iwe karibu sifuri.

Cheche

Injini hii ina koili mbili tu. Moja inachoma silinda 1 na 4 kwa pamoja, nyingine 2 na 3, kila koili ikiwa na pointi zake, yaani kijiswichi kinachofunguliwa na kamu ndogo kila mzunguko. Plagi mbili za jozi moja hupiga cheche wakati uleule: moja inawasha mchanganyiko, ya pili inapiga bure kwenye silinda inayotoa moshi. Mpangilio huu ni zawadi kwa anayetafuta ugonjwa. Silinda 1 na 4 zikifa pamoja, tafuta kwenye koili, pointi, kondensa (kifaa kidogo kinachozuia pointi zisiungue) au waya wa jozi hiyo. Ikifa silinda moja tu, koili haihusiki mara nyingi. Angalia plagi, kofia ya plagi, valvu, na mwisho kabisa kabureta yake. Gusa mabomba ya ekzosi kwa matone ya maji dakika moja baada ya kuwasha: bomba ambalo maji hayachemki juu yake ndilo la silinda iliyokufa.

Safisha nyuso za pointi kwa faili laini, zipanguse kwa kitambaa chenye spiriti, na weka uwazi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Kisha ndipo taimingi, kwa sababu kubadilisha uwazi hubadilisha taimingi. Anayefanya kinyume atafanya mara mbili. Unganisha taa ndogo ya volti 12 kati ya waya wa pointi na bodi ya injini, washa swichi, na zungusha krenki taratibu. Taa iwake palepale alama ya F ya 1-4, yaani ya wakati wa cheche, inapofika kwenye mstari. Jozi ya 1-4 hurekebishwa kwa kuzungusha sahani kubwa nzima. Baada ya hapo tu ndipo urekebishe 2-3 kwa kusogeza sahani yake ndogo. Ukianza na 2-3, utakapoigusa sahani kubwa utaiharibu kazi ya kwanza. Nyuma ya sahani kuna vizito viwili na springi zake vinavyowahisha cheche injini inapokimbia, vikikauka hukwama. Matone mawili ya oili yanatosha.

Kuna upotevu mmoja wa umeme ambao wachache huutafuta. Umeme wa koili unapita kwenye swichi ya ufunguo, kwenye swichi ya kuzimia injini iliyo kwenye usukani, na kwenye plagi za waya kadhaa zenye umri wa miaka 50. Pima volti za betri, kisha pima volti kwenye waya unaoingia koili, swichi ikiwa imewashwa na pointi zimefunga. Tofauti ikizidi nusu volti, fungua na usafishe kila kiungo katika njia hiyo. Koili inayopata volti 10.5 inachoma vizuri mezani na inashindwa barabarani. Kofia za plagi pia hupimwa: zenye kizuizi cha ndani zionyeshe karibu omu 5,000. Zikionyesha 20,000 au zaidi, tupa. Kofia zimefungwa kwa kuzungushwa kama skrubu, kwa hiyo zifungue, kata milimita 5 za waya wa zamani uliochakaa, na ufunge mpya. Plagi ni NGK D8EA, uwazi milimita 0.6 hadi 0.7.

Petroli, sasa

Anzia tangini. Kabureta safi chini ya tangi lenye kutu itaziba tena ndani ya wiki. Toa koki, ziba matundu, weka maji ya moto na kilo moja ya asidi ya sitriki, ule unga mweupe mkali kama ndimu, kwa tangi la lita 17 au 18. Liache usiku kucha, ligeuze mara kwa mara. Mwaga, suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, suuza tena, likaushe haraka kwa hewa ya moto, kisha mara moja tikisa ndani yake petroli kidogo iliyochanganywa na oili. Chuma kitupu chenye unyevu huota kutu ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache. Asidi isidondoke kwenye rangi. Rangi ya kupaka ndani ya tangi iwe suluhisho la mwisho, kwa tangi linalovuja tu. Ikibanduka baada ya miaka, vipande vyake ni vibaya kuliko kutu.

Kabureta za Keihin za milimita 28 zishushwe zikiwa zimeungana kwenye bati lake. Zisitenganishwe bila sababu. Fungua bakuli za chini, toa jeti kuu, mrija wake wenye vitundu pembeni, na jeti ndogo ya mwendo wa chini. Hiyo ndogo ndiyo mkorofi wa kweli: namba 40, tundu lake karibu milimita 0.4, na petroli iliyokauka huifunga kwa utomvu mgumu. Iangalie juani, uone duara kamili la mwanga. Tumia dawa ya kabureta na uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme, usitumie waya wa chuma wala pini, kwani ukipanua tundu kidogo tu silinda hiyo haitafanana na wenzake maisha yake yote. Pulizia kila njia ndani ya mwili wa kabureta na uone dawa ikitokea upande wa pili. Isipotokea, haijasafika, hata kama inang'aa nje.

Urefu wa boya, kile kielea kinachodhibiti petroli kwenye bakuli, ni milimita 26, ukipimwa kabureta ikiwa imeinamishwa mpaka kiulimi cha boya kiguse sindano bila kuikandamiza. Skrubu ya hewa ianze kwenye mzunguko mmoja kutoka ilipofunga. Badilisha gasketi na mipira yote, lakini jeti za shaba na sindano za Keihin za asili zibaki kama ni nzima. Vifurushi vya bei nafuu mara nyingi huja na jeti zenye namba sahihi na tundu lisilo sahihi, na injini iliyokuwa karibu kupona huanza ugonjwa mpya. Modeli za 1977 na 1978 zina kabureta za aina nyingine zenye pampu ya resi. Vipimo hivi si vyake.

Mipira inayounganisha kabureta na hedi hugeuka migumu kama plastiki. Ikivuta hewa pembeni, injini itapanda mizunguko yenyewe na kuchelewa kushuka. Nyunyizia maji kidogo kwenye viungo injini ikiwa inazunguka bila resi. Mlio ukibadilika, hapo panavuja.

Mwisho wa yote ni kusawazisha kabureta kwa geji nne za vakyumu, tofauti isizidi sentimita 3 za zebaki. Kazi hii haina maana kabla ya valvu na cheche, na ndiyo iliyokuwa ikifanywa kwanza kule bandani.

Kuchaji na kusimama

Alteneta ya CB750 inatoa wati 210 kwenye mizunguko 5,000, na chini ya 2,000 haichaji chochote cha maana. Foleni za mjini taa ikiwaka huimaliza betri hata kama kila kitu ni kizima. Betri ya volti 12 na Ah 14 ionyeshe volti 12.6 ikiwa imetulia, na 14 hadi 14.5 injini ikikimbia. Chini ya hapo, pima waya tatu za njano za alteneta: mbili kwa mbili ziwe na usomaji unaofanana, na hakuna hata moja inayogusana na bodi.

Breki ya mbele isiaminiwe kwa sababu tu inashika. Maji ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huo huota ukoko kwenye mfereji ulio nyuma ya sili ya pistoni. Ukoko unaisukuma sili, sili inaibana pistoni, na breki inabaki imeshika baada ya kuachia. Sili mpya haisaidii kama mfereji haujakwanguliwa hadi chuma safi. Pistoni iliyokwama itolewe kwa pampu ya grisi iliyofungwa mahali pa mpira wa breki. Hewa ya kompresha huirusha kama risasi. Kwenye chombo cha maji juu ya usukani kuna matundu mawili, na dogo halizidi unene wa sindano. Likiziba, breki inajikaza yenyewe kadiri joto linavyopanda. Mpira wa breki wa zamani ubadilishwe bila mjadala. Breki ya nyuma kwenye modeli nyingi ni ya drumu, na viatu vya enzi hizo vingeweza kuwa na asbesto: pangusa kwa kitambaa chenye maji, usipulize.

Tairi lina tarakimu nne pembeni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Lenye tarakimu tatu lilitengenezwa kabla ya 2000 na halifai kubeba mtu, hata likiwa na meno yote. Cheni nayo ikichakaa ibadilishwe pamoja na sproketi zake. CB750 za mwanzo zilijulikana kwa cheni kukatika na kupasua tumbo la injini nyuma ya sproketi ya mbele, kwa hiyo tazama pale kama kuna alama za kuchomelewa.

Baada ya kilomita 20 za kwanza, zima injini ikiwa kwenye mwendo wa kawaida, shika klachi, isimame, na toa plagi zote nne. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe yenye vitone ina hewa nyingi kupita kiasi, nyeusi kavu ina petroli nyingi, nyeusi yenye mafuta ni oili. Plagi ya silinda 2 ikiwa nyeusi huku nyingine ni za kahawia, sasa una haki ya kufungua kabureta ya pili: pima boya lake, hakikisha choki yake inafunguka hadi mwisho, na tazama kama sindano ya petroli imeota pete kwenye ncha.